Ng'ombe Waliomsomesha Shangazi

Rugenge, Uvira
14 Januari 2024

Kwa Shangazi Mukamusoni,

Nisamehe nikitanguliza neno hili mbele ya salamu. Nikilichelewesha nitaogopa, na nikiogopa barua yote itaishia kwenye habari za mvua. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Nyogokuru, bibi yangu ambaye nalala naye chumba kimoja, hata Yasmine ambaye tunakaa benchi moja shuleni: nataka kusomea sheria. Nataka kuwa avoka, wakili kama wewe. Nimekwisha kusema. Mistari hii miwili imepinda, usiijali.

Sasa salamu. Nyogokuru anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua asubuhi, na bado anasema ni kosa la Uvira, kwamba yeye alipokuwa huko juu milimani, Bijombo, hakuwa na goti la namna hii. Baba yuko Sange kwenye mpunga, anarudi Jumamosi. Mama amejifungua salama. Ni msichana, tumempa jina Irankunda. Mama anawaambia wageni kwamba mtoto huyu ameongea zaidi katika wiki tatu kuliko mimi katika miaka kumi na sita, na wageni wanacheka, na mimi naenda kuangalia sufuria jikoni hata kama hakuna kitu ndani. Shuleni niko darasa la tano la humanité, sekondari ya Latini na Filozofia. Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Yasmine, na hakuna siku anayosahau kunikumbusha.

Utauliza kwa nini siongei kwa simu kama watu wengine. Simu ya nyumbani ni ya Nyogokuru, na anaiweka sauti ya nje ili kila mtu akusikie. Nikifikiwa na zamu yangu, nyumba nzima inanyamaza kuningoja, halafu mtu anasema, "Ongea basi, unité za simu zinaisha!" Basi nasema "Shangazi, habari," na narudisha simu. Barua hii inakwenda na baba yake Yasmine, mzee Abdoul-Karim, anayepeleka mali yake huko kwako Kalemie kwa boti ya bandari ya Kalundu. Amesema boti ikijaa ataondoka, isipojaa atangoja.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita baada ya ibada, baba mkubwa Eugène alikuja kutoka Luvungi. Hakuvua koti. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayetaka kukamata gari.

"Mama," alimwambia Nyogokuru, "nasikia kampuni ya madini ya Kolwezi inamutaka Mukamusoni. Nasikia wamemwandikia mara mbili. Weye unajua?"

"Najua chai yako inapoa," Nyogokuru akamjibu.

"Chai haiko ngombe, Mama. Minye nilitoa ngombe."

"Na minye nilitoa yangu. Kunywa."

"Kule Kalemie anatetea watu ambao hawana hata ya kumulipa. Muntu anasomeshwa kwa ngombe nne, halafu anakaa kwenye kazi ya maskini? Akienda Kolwezi, mwaka mumoja tu ndama zetu zote zinarudi."

Nyogokuru aliinuka akamwongezea sukari bila kumwuliza.

Usiku ule nilikumbuka siku ya soko la Luvungi. Nilikuwa na miaka saba, Baba alinibeba begani. Ng'ombe wa kuuzwa ili uende chuo walikuwa wanne: wa Nyogokuru, wa mzee Kagabo mdogo wake marehemu babu, wa Eugène, na wa Frédéric wa ukoo wetu, ambaye wakati huo alikuwa hai na akicheka kuliko wote, na mke wake Marie alikuwa amesimama pembeni na mwavuli. Ulikuwa umeshuka kutoka juu na sanduku moja la nguo. Ulimgusa ng'ombe wa Nyogokuru kwenye paji la uso, yule wa rangi ya udongo, halafu ukageuka upande wa barabara mpaka mnunuzi alipomfungua. Mzee Kagabo alisema mbele ya wote kwamba ukipata kazi utarudisha ndama jike kwa kila nyumba, kama anavyorudisha mtu yeyote aliyepewa ng'ombe. Ulisema ndiyo. Kisha tulikula mikate ya mafuta wote pamoja, na nilifikiri watu wetu wataendelea kukaa namna ile siku zote, karibu karibu, na ng'ombe wakisikika nyuma yetu.

Sasa huko juu hakuna mtu wetu aliyebaki tangu vita. Frédéric amekufa. Ng'ombe wa Eugène walichukuliwa wote, anaendesha pikipiki ya mtu.

Je, utaenda Kolwezi?

Mtoto wako,
Uwamahirwe


Kalemie
3 Machi 2024

Uwamahirwe wangu,

Barua yako imefika ikinuka mawese, maana mzee Abdoul-Karim aliisafirisha katikati ya madumu. Nimeisoma hivyo hivyo. Msalimu Nyogokuru, mwambie akande goti kwa kitambaa cha moto na aache kuitukana Uvira. Mwambie Mama hongera. Huyo Irankunda mwache alie, kwetu tulihitaji mtu wa kupiga kelele.

Mimi ni mzima. Nakaa kwenye chumba cha nyuma kwa mama mmoja muuza samaki, na ziwa naliona kupitia dirisha. Ni ziwa lile lile, lakini silizoei. Kwenu jua linatoka nyuma ya milima ya Burundi, limeshachelewa na limeshatulia. Hapa ng'ambo haionekani, linatoka majini moja kwa moja na kukupiga machoni. Kila asubuhi nakumbuka nyumba ya juu, ukungu unaingia mlangoni kama mgeni, na Nyogokuru anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Ile harufu sijaipata mahali pengine. Wewe ulikuwa umelala kwenye ngozi karibu na moto, na nilikuandikia herufi ukutani kwa kaa, na Nyogokuru alinigombeza kwa ajili ya ukuta lakini hakuzifuta.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nina meza, katika ofisi ya ushauri wa bure nyuma ya mahakama. Mguu mmoja wa meza hiyo ni mfupi, tumeuwekea jiwe. Watu wasioweza kulipa avoka wanakuja pale. Wiki hii alikuja mama ambaye mwenye nyumba alimfukuza na kubaki na vyungu vyake vya biashara, tumevipata. Mwaka jana kulikuwa na mvuvi aliyewekwa gerezani kwa sababu ya wavu aliouazima na ukapotea. Jalada lake lilikuwa halijafika kwa jaji, na hapakuwa na mtu wa kuliulizia. Niliuliza. Alipotoka mlangoni hakunishukuru, alitazama juu akauliza kama mvua zimeshapita. Nilimwambia ndiyo. Akasema, basi nimekosa msimu wote wa uvuvi. Majina siwezi kukupa, maana siri zao ni zao.

Kuhusu Kolwezi, ni kweli wameniandikia. Tutaongea siku nyingine.

Kuhusu lile neno ulilolitanguliza, nimelisoma. Soma Kifaransa kwa bidii.

Shangazi yako,
Mukamusoni


Rugenge
21 Aprili 2024

Kwa Shangazi Mukamusoni,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti la Nyogokuru limepata nafuu kwa kitambaa cha moto, lakini anasema ni maombi. Irankunda ameota jino mapema. Maji ya ziwa yamepanda mwaka huu, Shangazi, usingeamini. Yale mawe mliyokuwa mnafulia nguo, wewe na Mama, mkiniweka kwenye beseni tupu ili nisikimbie, hayaonekani tena. Nilikwenda kuyatafuta nikakuta watoto wanaogelea juu yake. Nyumba ya kina Yasmine imeingiwa na maji mpaka kwenye vitanda, wamehamia kwa mama yake mdogo Asha hapa Rugenge, na sasa Yasmine yuko karibu nami asubuhi mpaka jioni. Alipoona naandika alisema, "Weye muntu wa barua! Siku moja utaolewa kwa posta." Nilifunika karatasi kwa kiganja. Jibu nimelipata leo, lakini limechelewa.

Hukujibu swali langu. Nilingoja, halafu nikamwuliza Nyogokuru. Tulikuwa tunachagua maharagwe.

"Nyogokuru, kwa nini Shangazi hasemi kama ataenda Kolwezi?"

"Kwa sababu ya weye."

Nilifikiri anatania. Aliendelea kutupa mawe pembeni.

"Siku ile ya Luvungi ulikuwa mutoto, ulisikia nusu," alisema. "Kagabo alisema ndama zikirudi, nyumba zile nne zitatoa tena kwa mutoto anayefuata kusoma. Zisiporudi, hakuna atakayetoa. Nani anayefuata?"

Nilitazama maharagwe.

"Aha," alisema. "Na Mukamusoni anajua. Unafikiri anataka Kolwezi? Yule hawezi hata joto la Sange."

Nilikukasirikia kwa siku mbili, Shangazi, kwa kunificha. Kisha hasira iliisha na nikabaki na aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyetanguliza lile neno mbele ya salamu, bila kujua nilikuwa nakuwekea mzigo gani. Sasa nakuomba kwa heshima yote: usiende Kolwezi kwa ajili yangu. Wewe ulitaka meza ile tangu zamani. Nakumbuka siku wazee walipokuja kwetu na karatasi ya Kifaransa kuhusu malisho, hakuna aliyejua inasema nini, na ulikuwa kwenye likizo ya sekondari ukawasomea, na mmoja wao alikuinamia kama mtu mkubwa. Jioni ukaniambia, mimi niliyekuwa sijui hata maana yake, "Nitakuwa nasoma karatasi za watu."

Mwezi wa saba tutampeleka Irankunda kanisani kuombewa, na ukoo wote utakuja hapa Rugenge. Nataka kuwaomba wakufungulie deni la ndama.

Uwamahirwe


Kalemie
9 Juni 2024

Uwamahirwe,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima.

Nimewajibu watu wa Kolwezi. Nitaanza mwezi wa tisa. Usiseme lolote kwenye mkutano wa wazee, wewe ni mtoto na jambo hili si lako. Wale walitoa ng'ombe wakiwa na zizi zima, na leo wengine hawana hata wa kukamua. Nitakwendaje kuwaambia wasamehe? Deni ni deni.

Soma vizuri kwa mitihani.

Mukamusoni

Nyuma ya karatasi: Kuna kijana hapa gerezani, umri wako, kesi yake imepangwa mwezi wa kumi. Anasema atanyamaza mbele ya jaji nisipokuwepo. Sijui nani atasimama naye. Nimekuandikia hili tu kwa kuwa karatasi ilibaki nafasi.


Rugenge
4 Agosti 2024

Kwa Shangazi Mukamusoni,

Salamu nyingi. Irankunda ameombewa na hakulia hata kidogo, watu wote walishangaa. Nimepita darasa. Goti la Nyogokuru limerudia hali yake.

Nimekuasi. Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Baada ya kanisa walikuja wote nyumbani. Viti vilikuwa havitoshi, vijana walikaa kwenye madumu. Tulikula wali wa Sange na samaki wa mukeke, na wazee walianza kuongea habari za juu kama kawaida yao, nani alikuwa na fahali gani, mto gani ulikuwa na maji ya baridi mpaka meno yanauma. Mzee Kagabo alitaja majina ya ng'ombe wa babu mmoja mmoja, na walipokuwa wanaitikia nilisikia kwamba hawataji ng'ombe, wanataja nyumba zao. Nilitamani waendelee, nisilazimike kufanya nililokusudia.

Kisha Eugène alisema, "Habari njema, wazee. Mukamusoni anaenda Kolwezi." Wakapiga makofi.

Unajua kwetu mtu anayerudisha ndama haifungi tu kwenye zizi na kuondoka. Anasimama na fimbo mbele ya mwenye ng'ombe, anasema maziwa yale yamemnywesha nani. Ndipo mwenye ng'ombe anajibu, "Imefika," na deni limekwisha. Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu mwezi wa nne. Lakini fimbo sikuwa nayo, na nyumba hii ya mjini haina fimbo. Nilichukua kitu cha kwanza nilichokiona nyuma ya mlango, nikasimama katikati.

Eugène akasema, "Huyu anataka kutufagia?"

Ulikuwa mti wa ufagio, Shangazi. Ulikuwa bado na ufagio wenyewe chini. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na Yasmine aliyekuwa mlangoni na sahani alijificha uso. Ningekimbia, lakini mzee Kagabo alinyoosha fimbo yake bila kucheka akasema, "Shika hii. Sema."

Nilisema. Sauti haikutoka vizuri mwanzoni, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Hatusikie!" Nilianza tena. Nilisema nimesimama kwa niaba ya Mukamusoni binti wa nyumba hii, kurudisha ng'ombe wanne, na kwamba nitasema maziwa yamemnywesha nani. Nilisema mama mmoja alirudishiwa vyungu vyake akapika tena na watoto wake wakala. Nilisema mvuvi alitoka gerezani na kuuliza habari za mvua. Nilisema kuna kijana wa umri wangu ambaye mwezi wa kumi atakosa mtu wa kusimama naye, kwa sababu sisi tunataka ndama. Majina sikutaja, nilisema ni siri zao. Nilisema Shangazi hajui kwamba naongea, na kwamba alinikataza.

"Kwa hiyo wavuvi wa Kalemie ndio wamekunywa ngombe yangu!" alisema Eugène. Watu walicheka tena, lakini yeye hakucheka. "Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi. Hakuna aliyesimama na ufagio kwa ajili yao. Na weye, unajua unakata nini? Ndama zisiporudi, hakuna atakayekupeleka chuo. Hakuna."

"Najua, baba mkubwa," nilisema.

"Unajua?"

"Najua. Na ninataka sana kwenda."

Hilo sikulipanga. Lilitoka tu, na sasa ukoo wote unajua neno ambalo nilikuambia wewe peke yako.

Mzee Kagabo alisema, "Kila mwaka atakaokaa kwenye ile meza ya maskini, tuuhesabu kama ndama moja. Ameshakaa mitatu. Mwaka wa kwanza ni wa nyumba yangu. Imefika."

"Wa pili wangu," Nyogokuru akasema haraka. "Imefika, na asiponiletea kitambaa kipya akija, nitaidai tena."

Wote wakamgeukia Eugène. Alivuta koti lake. "Minye sijasema imefika," alisema. "Nimesema nitangoja. Mtu asichanganye. Nitangoja." Lakini aliponipita kwenda nje alinigusa kichwani, si kwa nguvu.

Alibaki Marie, na kwa kuwa Frédéric hayupo, ng'ombe yule ni wake kumsemea. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakuinua sauti.

"Frédéric alitoa ngombe akasema nyumba yetu itapata avoka," alisema. "Sasa mudogo wake amepanda mihogo kwenye shamba langu la Luvungi, anasema mujane hana shamba. Nimeenda kwa chef wa kijiji, nimeenda kwa pasta. Nyinyi munashangilia avoka wa Kalemie. Wa kwangu iko wapi? Minye sidai ndama. Nadai avoka."

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilirudisha fimbo kwa mzee Kagabo, na nilienda kukaa jikoni.

Uwamahirwe


Kalemie
27 Agosti 2024

Uwamahirwe wangu,

Nilikukataza, nawe ukasimama na ufagio mbele ya Eugène. Nimecheka, kisha nimekaa dirishani muda mrefu, na mama muuza samaki aliniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Nimewaandikia watu wa Kolwezi kwamba siendi. Mwezi wa kumi nitakuwa mahakamani na yule kijana. Msalimu mzee Kagabo kwa mikono miwili. Eugène amesema kweli, na mwambie sitachanganya: atangoja, nami nitajua kwamba anangoja.

Sasa Marie. Yule ndiye amenishtaki, na ana haki. Tangu Frédéric azikwe sikuwahi kumwuliza shamba lake liko katika hali gani. Niliwasomea karatasi watu wa mji mwingine. Nitakuja na boti mwezi wa kumi na mbili, nimeshaomba likizo. Lakini mashtaka yasingoje mpaka hapo. Mwombe akueleze tangu mwanzo, na uandike anavyosema yeye, usiongeze neno zuri. Uliza majina ya majirani wanaopakana na shamba. Halafu mpeleke mahakamani hapo Uvira, kwa karani. Nimemwomba avoka mwenzangu wa hapo, maître Consolée, amsimamie kesi ikiitwa kabla sijafika.

Kuhusu chuo chako sina ahadi, na sitaki kukudanganya. Una mwaka mmoja mpaka mtihani wa serikali, na ndani yake tutatafuta. Lile neno lako la mwezi wa kwanza lilinifurahisha sana, ndiyo maana sikuweza kulijibu.

Mukamusoni


Rugenge
22 Septemba 2024

Kwa Shangazi Mukamusoni,

Wote ni wazima na wanakusalimu. Nimeanza darasa la sita. Yasmine na mimi bado tunakaa benchi moja, na sasa akiniona ananisalimu "Maître Ufagio."

Nilifanya kama ulivyoelekeza. Jumamosi nilipanda taxi mpaka Luvungi. Marie alinipokea vizuri lakini kwa tahadhari, kama mtu aliyeahidiwa mara nyingi. Nilimwambia sikuja na jibu, nimekuja na kalamu. Alinipeleka shambani kwanza. Mihogo ya shemeji yake imefika kiunoni. Alinionyesha mahali Frédéric alipotaka kujenga, na kijito walichokuwa wanaogea walipoteremka kutoka juu wakiwa wapya, na alikaa hapo kwenye ukingo akaongea, mimi nikaandika. Alipolia niliacha kuandika. Alisema, "Hapana, andika." Nikaandika.

Majirani wawili wamekubali majina yao yatajwe. Wa tatu alisema atafikiri.

Nyumbani niliyatafsiri yote kwa Kifaransa, lugha ya mahakama, nikaogopa kosa, nikampelekea mwalimu wetu, akasahihisha mahali pachache. Jumatatu Marie alikuja na gari la asubuhi. Mkuu wa shule alinipa ruhusa. Tuliketi kwenye benchi nje ya mahakama na nilimsomea karatasi yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mahali pamoja alinisimamisha akasema hakusema hivyo, nikakuta ni kweli, nikafuta. Alitia sahihi, karatasi ikiwa juu ya goti lake.

Karani alipoita jina lake tuliingia wote wawili.

Uwamahirwe